Mawe Yaliyopakwa Chokaa

Nyumba nyingi za hapa Ihanda zina milango mizuri kuliko njia za kuifikia. Nalisema hilo bila chuki, maana na yangu ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Mtu atajenga kwa matofali ya kuchoma, ataezeka bati la rangi, ataweka dirisha la aluminiamu na mlango wa mninga uliochongwa maua. Kisha kutoka mlango huo hadi jikoni, hadi bombani, hadi chooni, atakanyaga tope jekundu tangu Novemba hadi Aprili kama alivyokanyaga babu yake. Ukimwuliza sababu, atakujibu moja kati ya mambo mawili. Ama atasema njia ya uani ni urembo wa Wazungu na matajiri, ama atasema anasubiri fedha aweke vile vitofali vya saruji ambavyo mafundi huviita pevingi. Majibu yote mawili si ya kweli, na nakusudia kueleza kwa nini. Nakusudia pia kumtaja aliyetufundisha kujibu hivyo. Msomaji asishangae akikuta kwamba miongoni mwa wafundishaji hao nimo na mimi.

Anayeifahamu Mbozi anaujua udongo wake. Ni mwekundu, una mfinyanzi mwingi, unaipenda kahawa na mahindi, na wakati wa kiangazi hugeuka vumbi linalopenya hata ndani ya sanduku la nguo. Mvua zikianza, udongo huohuo huwa sabuni. Mtoto akianguka hucheka, akainuka, akakimbia zake. Mtu wa miaka sabini haanguki namna hiyo. Mke wangu aliteleza mwezi wa Machi, asubuhi, akitoka bombani na ndoo ya lita 10, hatua nane tu kutoka mlango wa nyuma. Alitanguliza mkono ili kujikinga, na mkono ukavunjika karibu na kiganja. Alikaa na plasta wiki sita. Katika wiki hizo sita mimi ndiye niliyekwenda bombani, nikajifunza kwa miguu yangu jambo ambalo alikuwa ameniambia kwa kinywa miaka na miaka: "Mwalimu, hapa mahali pataleta balaa."

Kwa nini sikuwa nimepatengeneza? Kwa sababu tulikuwa tunasubiri. Kijana wetu aliyeko Dar es Salaam alikuwa ameahidi kuleta fedha za kuweka pevingi ua mzima. "Baba, usijisumbue," aliniambia katika simu, "umefundisha, umechoka, sasa pumzika. Tutaleta fundi." Ni maneno ya mtoto mwenye adabu, wala simlaumu. Mwaka wa kwanza fedha zikaenda katika ada za shule. Mwaka wa pili mtoto wake akaugua. Misimu miwili ya mvua ikanyesha juu ya ahadi ile njema, na katika msimu wa pili mama yake akavunjika mkono.

Nilipopima kwa kamba, umbali wote kutoka mlango wa nyuma, kupitia jikoni na bustani ya mboga, hadi bombani, ulikuwa meta 22. Meta 22, ndugu msomaji! Nimesimamia ujenzi wa madarasa na nyumba za walimu, nimegombana na makandarasi, nimeandika taarifa za majengo zilizojaa faili. Nikashindwa na meta 22 za uani kwangu mwenyewe.

Sasa nieleze lililonifungua macho. Plasta ilipotolewa niliamua kuanza kazi, nikaenda kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye leo ana duka na nyumba ya wageni kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Nilijua ana lundo la mawe yaliyobaki katika ujenzi wake. Nikamwomba machache. Aliinuka kitini, akanipa mikono miwili, akasema: "Shikamoo Mwalimu. Mawe nitakupa, hata lori zima ukitaka. Lakini kuyabeba, Mwalimu wangu, utanisamehe. Mimi mawe niliyamaliza shuleni." Wote waliokuwa dukani waliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Nilipokuwa narudi nyumbani sikucheka tena, kwa kuwa nilikumbuka ni mawe yapi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Yeye alikuwa darasa la sita. Mkaguzi alikuwa anakuja, na shule ilipaswa kupendeza. Kijana huyu alichelewa mstarini siku mbili mfululizo, nami nikampa adhabu ya kuleta mawe arobaini kutoka korongoni, makubwa kiasi cha kichwa cha mtu, ayapange pande mbili za njia ya kwenda ofisini kwangu, kisha ayapake chokaa. Alichelewa kwa sababu nyumbani kwao alikuwa anateka maji kwanza. Hilo nililijua baadaye, na nilipolijua sikusema neno. Mawe yalipangwa, chokaa ikapakwa, mkaguzi akaja akasifu mazingira, akaandika katika kitabu cha wageni, akaenda zake.

Na njia yenyewe? Njia ilibaki kama ilivyokuwa. Katikati ya ile mistari miwili myeupe kulikuwa na udongo mtupu, umebonyea katikati kwa kukanyagwa, na kila iliponyesha maji yalituama pale pale, maana mawe yaliyazuia yasitoke. Walimu walivua viatu. Watoto walipita nje ya mawe, katika majani, hata wakachora njia nyingine pembeni. Kwa miaka ile yote nilitazama kupitia dirisha la ofisi yangu njia mbili sambamba, moja yenye mawe meupe isiyopitwa na mtu, na moja ya miguu ya watoto, na sikuona cha kushangaa. Tena shule yangu haikuwa peke yake. Zunguka shule za msingi za wakati ule, uliza watu wa rika langu; kila mahali palikuwa na mawe meupe na tope katikati.

Sasa wako wenzangu, walimu wastaafu, ambao tukikaa kijiweni husema vijana wa leo ni wavivu, hawataki kushika jembe, wanataka kila kitu kifanywe kwa fedha. Mimi nawauliza: jembe tuliwafundishaje? Mwezi wa Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Nilipoingia chuo cha ualimu miaka michache baadaye, waraka ule ndio uliokuwa chakula chetu cha asubuhi na jioni. Tuliusoma, tukaukariri, tukaulizwa katika mtihani, tukafaulu. Ulitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kula matunda ya kazi yake. Ulitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi hiyo, waone faida yake, wajifunze kwa nini jambo hufanywa hivi na si vile. Hayo ndiyo tuliyoyajibu kwenye karatasi. Tulipopewa shule, tulifanya nini? Aliyejua hesabu alikaa darasani. Aliyekosa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alifyeka. Aliyechelewa alibeba mawe. Shamba la shule likawa jela ndogo, na mavuno yake mtoto hakujua yalikokwenda.

Kwa miaka saba tulimfundisha mtoto, kila siku, kwa vitendo, kwamba jembe ni zawadi ya aliyeshindwa. Alituelewa vizuri mno. Leo ana miaka hamsini, ana duka, ana uwezo, na hapitishi mkono wake juu ya jiwe. Huyo si mvivu hata kidogo. Anaamka saa kumi alfajiri kufungua biashara kwa ajili ya madereva wa malori. Ni mwanafunzi mzuri aliyeshika somo tulilompa. Na anayeteleza leo katika uwanja wa nyumba yake ni mama yake mzazi.

Wapo watakaosema kwamba dharau ya kazi ya mikono ililetwa na wakoloni, si walimu. Kwa sehemu ni kweli. Karani wa bwana shauri alivaa suruali nyeupe, naye mwenye jembe alimwinamia. Lakini mkoloni aliondoka 1961. Mimi nilianza kufundisha miaka zaidi ya kumi baada yake, wala hakuna Mwingereza aliyenishika mkono nitoe adhabu ya mawe. Tena mfano mwingine tulikuwa nao mbele ya macho yetu. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970, na mwaka 1973 njia ya chuma ikafika Tunduma. Vijana wengi wa huku walikwenda kufanya kazi, nasi wengine tulikwenda kutazama. Tulichokwenda kutazama ni mitambo. Tulichorudi tukikisimulia ni Wachina: kwamba mtaalamu mwenye ramani mkononi alikuwa anashuka mtaroni, anachukua beleshi, anachimba pamoja na vibarua. Wazee walikataa kuamini. Walisema lazima huyo ni mfungwa. Ndivyo tulivyofikiri, na ndivyo tulivyoendelea kufikiri hata baada ya kuona.

Reli ile ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na chini yake kuna makalavati zaidi ya 2,000, achilia mbali madaraja. Hesabu hiyo ina somo kubwa kwa mtu mwenye meta zake 22. Mjenzi wa njia, iwe ya treni au ya mke wangu na ndoo yake, hapigani kwanza na mizigo. Anapigana na maji.

Mskoti mmoja, John Loudon McAdam, aliyezaliwa 1756 na kufariki 1836, ndiye aliyeyasema hayo kwa ukaidi mpaka wakubwa wakamsikiliza, na jina la lami kwa Kiingereza limetokana na jina lake. Wengi hudhani aligundua lami. La hasha. Alichofundisha ni kwamba kinachobeba gari ni ardhi yenyewe, ilimradi iwe kavu. Mawe ya juu ni kama paa tu la kuikinga ardhi hiyo na mvua. Kwa hiyo inua njia juu ya ardhi ya pembeni, chimba mitaro, na tandaza kokoto ndogondogo zishikane zenyewe. Hakutaka mawe makubwa. Kama McAdam angepita shuleni kwangu akayaona mawe yale arobaini yakizuia maji yasitoke njiani, sijui angeandika nini katika kitabu cha wageni.

Haya, tuje uani. Nilianza mwezi wa Mei, mvua zilipokatika na ardhi ikiwa bado laini. Jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kunyoosha. Nilikata vigingi, nikafunga kamba, nikavuta mstari mmoja kutoka mlangoni moja kwa moja hadi bombani, kama mstari wa gwaride. Mke wangu alitoka, akatazama, akauliza: "Mwalimu, hapo atapita nani?" Nikamwambia sisi sote. Akaniambia yeye hajawahi kwenda bombani bila kupitia jikoni, wala jikoni bila kuzunguka mparachichi, na kama nataka njia ya kutazamwa dirishani basi niendelee. Niling'oa vigingi. Tulifuata nyayo zilizokuwa zimekaukia kwenye udongo tangu masika, nazo zilipinda mahali pawili. Ndipo nilipopigilia vigingi upya, upana wa meta moja, nafasi ya mtu na ndoo mbili.

Kuchimba kulikuwa sentimeta 15 kwenda chini. Hapa niseme ukweli: nilimlipa kijana mmoja wa jirani siku tatu anisaidie kwa sululu, maana mgongo wangu una miaka yake. Kujitegemea hakukuwa na maana ya kukataa mkono wa jirani, ingawa wako wanaoitafsiri hivyo ili waidhihaki. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, hatukuutupa. Tuliupeleka kwenye matuta ya mboga, na mchicha wa mwaka ule ulionyesha shukrani. Tulipofika kwenye udongo mwekundu mtupu, tuliusawazisha kwa namna ambayo katikati pawe juu ya kingo kwa sentimeta 2, kiasi cha upana wa kidole gumba. Ni kidogo hata jicho halioni, lakini maji yanaona. Pima maji sikuwa nayo. Nilitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukiwa umejazwa maji, kama wafanyavyo mafundi waashi.

Kisha moramu. Trekta ilileta tela moja, ikaimwaga nje ya uzio kwa kuwa haikuweza kupita. Mjukuu wangu wa darasa la tano nikamwita tukapiga hesabu: meta 22 kwa meta 1 kwa sentimeta 10 ni meta za ujazo 2.2, moramu ikishindiliwa hupungua, tuongeze robo, inakuwa 2.75, toroli letu linabeba lita 60, je, ni matoroli mangapi? Akapata 46. Tulipohesabu kwa kazi yakawa 51. Aliniuliza tumekosea wapi katika hesabu, nikamwambia hatukukosea, toroli la mzee halijai. Mtoto huyu, ambaye nyumbani kwao husemwa kwamba meta za ujazo zimemshinda, hakuzisahau tena. Nilifundisha hesabu miaka mingi kwa ubao na chaki, na watoto wengine kwa fimbo, na hazikuwahi kuingia kwa urahisi kama zilivyoingia asubuhi ile.

Moramu tuliitandaza katika matabaka mawili, kila moja likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kwa kipande cha gogo nilichokipigilia mpini. Kipimo cha mwisho ni kisigino: simama, zungushia kisigino mahali pamoja, kikiacha shimo, rudia kushindilia. Kazi hii ndiyo inayowachosha watu, ndiyo mafundi wengi wanayoiruka, na ndiyo njia yenyewe.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilikuwa na matofali ya kuchoma yaliyobaki nyumba ilipojengwa. Tofali letu la huku lina urefu wa sentimeta 22 hivi, kingo mbili ni meta 44, yalihitajika 200. Niliyachagua kwa kuyagonganisha mawili mawili: lililoiva hulia kama kengele, bichi hutoa sauti ya kibuyu na litayeyuka kwa mvua mbili. Niliyapanga kando ya njia, yakachomoza juu ya moramu kiasi cha vidole vitatu, yakanyooka, yakapendeza. Nilirudi nyuma nikatazama kwa fahari. Nilikuwa tayari hata nimefikiria kununua chokaa.

Mke wangu alileta ndoo, akaimwaga katikati ya njia bila kusema neno. Maji yalikwenda kingoni, yakagota kwenye matofali, yakatulia. Nilikuwa nimejenga shule yangu tena! Mkono wangu wa miaka arobaini iliyopita ulikuwa umeipanga ile mistari wenyewe, bila kuniuliza. Tulichukua siku mbili kuyang'oa yote na kuyafukia mpaka uso wa tofali ukawa sawa na uso wa moramu, ili maji yavuke na kuangukia kwenye mtaro mdogo unaokwenda kwenye migomba. Kazi nzima ilichukua siku kumi na moja za asubuhi. Karibu na bomba, palipo na mteremko mkali, tuliongeza vidato viwili vya matofali. Mvua za Novemba zilipokuja nilikaa barazani na mwavuli nikitazama maji yanavyotoka, kama mtu anayetazama mpira.

Watu wa pevingi watasema nimejisumbua bure, kwamba vitofali vya saruji vinadumu na havioti majani. Sina ugomvi na pevingi mahali pake. Stendi iwe nayo, hospitali iwe nayo, mpakani Tunduma ambako malori hayahesabiki iwe lami na zege. Lakini tazama zinavyowekwa majumbani mwetu. Fundi huja na kundi lake, hupara majani, humwaga mchanga juu ya mfinyanzi uleule, hupanga siku mbili, hulipwa, huondoka. Masika ya kwanza zinabonyea, ya pili zinapishana, ya tatu mwenye nyumba anatafuta fundi mwingine na kusema wa kwanza alikuwa mwizi. Pevingi bila changarawe iliyoshindiliwa chini yake ni yale mawe yangu ya chokaa kwa bei kubwa zaidi. Tena anayesakafia ua mzima hajiulizi maji ya bati lake na ya ua wake yaende wapi. Yanakwenda kwa aliye chini. Mimi ninamjua mama mmoja mjane ambaye shamba lake la mahindi limechimbwa korongo la kina cha goti tangu jirani yake wa juu aliposakafia. Kesi ilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenye ua alisema yeye ameendeleza makazi.

Na wale wanaosema njia ni urembo, nawaomba wahesabu tu. Mwanamke wa nyumba moja huenda jikoni, bombani, chooni na kwenye kamba ya nguo mara ngapi kwa siku? Mimi katika zile wiki sita nilihesabu safari zangu: siku moja zilikuwa 34. Barabara kuu ya kwenda Zambia ambayo sote tunajivunia naivuka labda mara moja kwa siku. Nani basi mwenye haja ya njia? Lakini njia ya jikoni haikatwi utepe, haiji mgeni rasmi, haiandikwi katika taarifa. Inapitwa na wanawake wakiwa wamebeba vitu. Nafikiri hiyo ndiyo sababu yetu ya kweli, sisi wanaume wasomi, na hizi nyingine za fedha na fundi tumezitungia baadaye.

Nisiishie kwa wazee wenzangu tu. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na mimi nimefurahi kuliko watu wengi. Lakini nasema wazi: amali itakufa kama ilivyokufa kujitegemea, iwapo katika shule hiyohiyo mwalimu wa zamu ataendelea kugawa mafyekeo na majembe kwa wachelewaji. Huwezi kumfundisha mtoto ujenzi kipindi cha tatu kama heshima, na kumpa ujenzi uleule saa nane kama aibu. Atachagua lipi kati ya hayo mawili aliamini, na tayari tunajua. Mwalimu mkuu anayesoma haya, kama anao, anieleze: njia ya kwenda vyoo vya wasichana shuleni kwake ikoje wakati wa masika? Aanzie hapo, kwa kamba na vigingi na hesabu za darasa la tano, na wabebe moramu wale waliofaulu pamoja na waliokosa, na yeye mwenyewe avue koti. Mawe ya mbele ya ofisi ayaache kwanza.

Nilirudi dukani kwa mwanafunzi wangu mwezi wa Desemba. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi, kama kawaida ya walimu, lakini nilisema machache: kwamba mwaka ule nilimwadhibu kwa kosa lisilokuwa lake, kwamba nililijua na nikanyamaza, na kwamba namwomba radhi. Alikuwa anapima sukari. Aliendelea kupima mpaka mizani ilipotulia, akafunga karatasi, akampa mteja chenji yake. Kisha akasema, "Mwalimu, hayo yamepita, mimi nilishasahau." Nikamshukuru. Nilipofika mlangoni akaniita: "Lakini yalikuwa arobaini na mbili. Mawili yalipasuka, ukaniambia nirudi."

Jumapili iliyofuata baada ya ibada alikuja nyumbani na mama yake. Bibi yule alitembea kutoka mlango wa nyuma hadi bombani, akarudi, bila fimbo yake. Kijana alikanyaga kwa kisigino, akazungusha, akauliza moramu niliipata wapi na tela lake lilikuwa kiasi gani. Hakusema zaidi, nami sikumwuliza.

Kwangu bado njia ya chooni, meta 9. Mjukuu amekwisha piga hesabu: kingo mbili ni meta 18, matofali 82. Amehesabu yaliyobaki nyuma ya banda la kuku, yako 71. Ananiuliza kila jioni hayo kumi na moja yatatoka wapi, na Jumamosi tutakwenda kuyatafuta.